Harusi Iliyomfuata Ng'ombe

Sharti la Winfrida lilikuwa moja tu, na alilisema siku ya kwanza kabisa: hela ya mashine isiguswe.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kusaga nafaka, iliyotumika kidogo, mali ya mzee mmoja wa Tarime mjini aliyekuwa anahamia kwa mwanawe Mwanza. Winfrida na mchumba wake Gidion walikuwa wameshampa milioni moja. Zilibaki milioni mbili na nusu, ziko benki. Mzee aliwaambia kwa upole kwamba atawasubiri mpaka Jumatatu baada ya harusi. Baada ya hapo kuna mteja mwingine.

Gidion alikuwa mpishi msaidizi kwenye kambi moja ya watalii karibu na Robanda, kazi ambayo msimu ukiisha nayo inaisha. Winfrida alikuwa fundi cherehani, na cherehani inabebeka, lakini wateja wake wa Tarime wasingebebeka. Upande ule wa Robanda walikopata kiwanja, mwanamke alitembea na debe la mahindi kichwani, akafika mashineni amechoka, akarudi nyumbani amechoka zaidi, ndipo aanze kupika. Gidion alikuwa amekaa siku nzima njiani akiwaangalia wanavyopita. Jioni akampigia Winfrida simu, akamwambia, "Tusiwaze kingine."

"Kwani nani ataigusa hela yenu?" mama yake Winfrida aliuliza aliposikia lile sharti. Aliitwa Mokami, alikuwa anauza dagaa sokoni Tarime, na swali lile aliliuliza kwa moyo safi.

Kamati ya harusi ilikaa sebuleni kwake. Mwenyekiti alikuwa jirani yao, Mwalimu Nikodemo, mstaafu, mtu mwema asiyependa ugomvi. Udhaifu wake ulikuwa kwamba alipenda kila kitu kipendeze. Mhazini alikuwa Beatrice, dada mkubwa wa Winfrida, aliyekuwa anauza kwenye duka la dawa na aliyezoea kuwaambia watu habari wasizotaka kuzisikia.

"Bajeti yetu ni milioni tisa," alisema Mwalimu Nikodemo, "na ahadi za michango zinafika saba na nusu. Tuko vizuri sana."

"Ahadi tunazipika na wali au na ugali, Mwalimu?" Beatrice aliuliza.

Watu wakacheka, Mwalimu naye akacheka, kisha wakaanza kupunguza. Sendofu ya kumuaga Winfrida na harusi zilikuwa zimeshaunganishwa kuwa sherehe moja, kwa kuwa wazazi wa Gidion walisema hawana nguvu ya kufanya yao. Video ikafutwa, zikabaki picha. Keki ya ngazi tano ikabaki ngazi tano, ila ngazi nne ziwe boksi lililopakwa krimu. Mwalimu alihakikisha hilo limeandikwa kwa lugha ya staha. Gauni Winfrida alisema atalishona mwenyewe. Bajeti ikashuka mpaka milioni saba na nusu, ikalingana na ahadi, na kila mtu akaenda nyumbani ameridhika isipokuwa Beatrice, ambaye mkononi alikuwa na milioni tano na laki nane.

Siku tatu baadaye mjomba akapiga simu.

Mjomba Nchagwa alikuwa kaka yake Mokami, anaishi Busawe, ng'ambo ya mto Mara. Alisema maneno machache kama kawaida yake. "Nimetoa dume kwa ajili ya harusi ya mtoto. Salamu kwa wote." Akakata.

Sebule ya Mokami ilishangilia kama timu imefunga bao. Mpishi aliyekuwa ameahidi kupika sahani mia mbili na hamsini kwenye ukumbi waliokodi mjini alikubali kupunguza shilingi elfu tatu kwa kila sahani, kwa kuwa nyama haitatoka kwake. Beatrice akapiga hesabu, laki saba na nusu zimeokolewa. Kwa mara ya kwanza alitabasamu kwenye kikao.

"Basi," alisema Mwalimu Nikodemo, macho yakimng'aa, "sasa tunaweza kuleta matarumbeta."

"Mwalimu!"

"Laki tano tu, Beatrice. Maharusi waingie kwa matarumbeta. Hela imepatikana bila jasho, tuirudishe kwenye furaha."

Mama akasema matarumbeta yatapendeza. Wajumbe wakasema yatapendeza. Matarumbeta yakapita, na malipo ya awali yakapelekwa jioni ileile kabla Beatrice hajaamka na mawazo mengine.

Kilichofuata hakuna aliyekitegemea, ingawa wote walikuwa watu wa mifugo na walijua. Kumpata ng'ombe ni jambo moja, kumfikisha ni jingine. Lori la Fuso kutoka Busawe mpaka Tarime liliulizwa bei. Kibali cha kusafirisha mifugo kikaulizwa, na ada ya kupima nyama, na machinjio, na majani, na mtu wa kumlinda usiku. Beatrice akaandika vyote. Kisha mjomba akapiga simu tena kusema kwamba atafuatana na watu wanane wa rika lake, wale aliotahiriwa nao mwaka mmoja, kwa sababu ndio watakaomchinja. Wangelala wapi?

"Wachinje tu waondoke?" Mwalimu alijaribu.

Mokami alimtazama kama aliyetukana kanisani. "Mwalimu, wanane wa rika la Nchagwa wachinje halafu waondoke na njaa? Kidari ni chao. Na shingo. Na paja moja ni la upande wa mama yangu. Utumbo wanapika wenyewe palepale."

Mpishi aliposomewa mgawo ule kwenye simu aliomba asomewe tena. "Kwa hiyo mimi wale wageni mia mbili na hamsini," akasema hatimaye, "nitawapikia nini? Kwato?"

Bei yake ya sahani ikarudi palepale ilipokuwa. Dume wa bure sasa alikuwa ameongeza laki sita na nusu kwenye bajeti, ukiacha matarumbeta. Beatrice alisoma jumla mara mbili, taratibu, halafu akaweka kalamu chini.

Kisha Mwalimu Nikodemo akasema kwa sauti ya chini, kwa nia njema kabisa, "Nasikia maharusi wana akiba kidogo benki."

Hakuna aliyemwangalia Winfrida. Yeye alimwangalia mama yake, na mama akayashusha macho kwenye kitambaa cha meza. Hapo Winfrida akajua ni nani atakayeigusa hela ya mashine. Wangeigusa wote kwa pamoja, kwa mikono laini, na baada ya hapo wangemwombea baraka.

"Nipeni siku mbili," alisema. "Nakwenda kumwomba mjomba amuuze huyo ng'ombe, atupe hela."

"Wewe!" mama yake akashtuka. "Usithubutu."

"Nitamwomba vizuri."

"Hakuna vizuri ya jambo hilo," alisema Mokami, lakini hakumzuia.

*

Gidion aliomba ruhusa kambini akamkuta Winfrida Busawe. Walimkuta mjomba amesimama kwenye zizi, mkono mmoja juu ya nundu ya dume mwenyewe. Dume alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe tumboni, mkubwa, na alikuwa anatafuna kama mtu asiye na miadi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Na huyu mura, huyu kijana, ndiye anayetuchukulia mtoto?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo," alisema Gidion.

"Marahaba. Unajua kuchunga?"

"Kidogo, mzee. Najua kupika."

Mjomba alimgeukia mkewe aliyekuwa anaanika mtama uani. "Njoo umwone! Mwanamume anajua kupika, halafu anajisema mwenyewe!"

"Mwache," mkewe akajibu bila kuinua kichwa. "Wewe hujui na unakula."

Wakaletewa viti. Winfrida akaeleza kila kitu bila kuficha: Fuso, kibali, machinjio, mpishi, watu wanane, mashine, Jumatatu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Hakuonyesha kukasirika wala kucheka.

"Kibali," alisema baadaye. "Ng'ombe anatakiwa kibali kwenda harusini. Wewe umepewa chako?"

"Bado, mjomba."

"Haya. Endelea. Kuna neno hujalisema, naliona limekaa mdomoni."

Winfrida akashusha pumzi. "Nilikuwa naomba, kama haitakuwa vibaya, umuuze hapa mnadani. Utupe hela. Shukrani itakuwa ileile."

Gidion akaangalia viatu vyake.

"Mama yako alipoolewa," mjomba akasema, "ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake nilipewa mimi. Ndio niliowatumia kumwoa huyu anayeanika mtama. Watoto wangu wote wametoka kwenye ng'ombe wa mama yako. Huyu dume ni wa uzao wao. Sasa nikimtumia dada yangu hela, atajuaje imetoka kwa ng'ombe wale? Hela ya dume na hela ya vitunguu zinafanana. Lakini akimwona huyu kwa macho, atajua nimekumbuka."

Winfrida alikuwa amekuja akidhani anazungumzia nyama.

"Sijakasirika," mjomba aliongeza. "Umeomba kwa kuwa hukujua. Ila siuzi."

Mkewe akaleta uji. Winfrida akanywa akimwangalia yule dume, na kwa mazoea ya kazi yake akaanza kupanga vitu kichwani, kipi kinatolewa, kipi kinabaki. Dume alitakiwa kuvuka mto kwenda mjini. Watu wanane walitakiwa kuvuka kumfuata. Wazazi wa Gidion na ndugu zao wangetoka Robanda, wapite hapahapa karibu na Busawe, waendelee mpaka Tarime. Mpishi alikuwa mjini, ukumbi mjini, kila kitu kilikuwa kinasafirishwa kufuata viti vya plastiki.

"Mjomba," alisema, "huyu akibaki hapahapa?"

"Atakula majani."

"Na sisi tukija? Harusi yote. Tufungie ndoa kanisa la hapa Busawe, tusherehekee uani kwako."

Gidion aliinua kichwa. Mjomba alimtazama mpwa wake, akatazama ua wake, mti kwa mti, ukuta kwa ukuta, kana kwamba ameonyeshwa kiwanja kipya. Mabega yake yakaanza kutikisika. Ilimchukua Winfrida muda kuelewa kwamba anacheka.

"Tuna magogo ya kujenga banda," alisema mkewe kutoka uani. "Maturubai tutaazima kanisani. Sufuria ninazo, na wanawake wa kupika tupo. Kinachokosekana ni mama yenu kukubali, maana namjua."

*

Mokami hakukubali.

Winfrida alimkuta mezani kwake sokoni, akipanga dagaa kwa mafungu, akamweleza. Mokami aliendelea kupanga.

"Miaka ishirini," alisema, "nimechangia harusi za watu katika ukumbi ule. Sijawahi kuacha. Hata mwaka dagaa walipopanda bei nilitoa. Na kila nikienda nakaa meza ya nyuma, karibu na choo. Nilitaka siku moja tu nikae mbele, watu wanione. Hilo nalo ni kosa?"

"Si kosa, mama."

"Basi."

Winfrida hakubishana. Alilipia fungu la dagaa kama mteja, mama yake akakataa hela, wakasukumana kidogo na ile noti, akaondoka. Siku ile na siku iliyofuata alishona sare za shule za watu. Angeweza kusema hela ni yake na Gidion, haitoki, na kamati ijue itakavyojua. Lakini angekaaje mbele ya mama yake aliyeaibika?

Jioni ya siku ya pili Mokami aliingia kibandani kwa bintiye, akaketi kwenye kiti cha wateja. Akachezea vipande vya vitambaa chini kwa ncha ya kandambili.

"Choo cha Nchagwa kikoje siku hizi?"

Winfrida akasimamisha cherehani. "Kizuri. Kipya, kina mlango. Kiko mbali nyuma ya nyumba."

"Mbali kiasi gani?"

"Huwezi kukaa karibu nacho hata ukitaka, mama."

Mokami akacheka kwa pua. "Unajua mimi nilitokaje pale nilipoolewa? Kwa miguu. Sanduku kichwani kwa shangazi yangu. Siku ile watu wote walikuwa zizini wanahesabu ng'ombe. Ng'ombe waliimbiwa kuliko mimi. Nimemwaza huyo dume tangu jana. Nchagwa mbishi, lakini hakusahau. Sitaki niletewe mjini akiwa kwenye Fuso. Nataka nimkute kwao."

"Kwa hiyo, mama?"

"Kwa hiyo meza yangu iwe mbele."

"Kule meza itakuwa moja tu."

"Hiyohiyo. Iwekeni mbele."

Kikao cha mwisho kilikuwa kifupi. Beatrice alikuwa ameshapata familia yenye sherehe ya kipaimara, wakachukua nafasi ya ukumbi na kurudisha hela ya awali. Matarumbeta hayakurudisha kitu, na Mwalimu Nikodemo, bila kusemwa na mtu, akailipa hasara ile kutoka mfukoni kwake. Basi dogo moja la kukodi lingewatosha wa Tarime ambao kweli wangetaka kufika. Mchungaji aliandika barua kwa mwenzake wa Busawe. Bajeti ilisomwa mara ya mwisho: milioni tano na laki nane, sawasawa na hela iliyokuwa mkononi kwa Beatrice.

Mwalimu alikuwa na swali moja. "Kule kuna kipaza sauti?"

"Kuna jenereta ya kanisa, Mwalimu."

"Basi mimi sina pingamizi."

*

Siku ya harusi mambo yalikwenda vizuri mpaka saa tisa alasiri.

Mokami alikuwa amefika asubuhi, akaenda moja kwa moja zizini, akasimama na kaka yake mbele ya dume bila kusemezana, kisha wakashikana mikono. Watu wa rika la mjomba wakafanya kazi yao. Wao wenyewe walileta mbuzi, kwa kuwa mwenzao alipotoa dume wasingeweza kuja mikono mitupu. Kulikuwa na wazee wawili wa kupiga litungu, na sauti ya nyuzi zake iliwainua hata wa Tarime waliokuwa wamevaa viatu vya kubana. Mwalimu Nikodemo alishika kipaza sauti kwa mikono miwili na hakukiachia.

Ila Busawe hakuna anayeonyesha kadi kuingia kwa jirani. Beatrice alihesabu mpaka mia nne akaacha. Chakula kilitosha, kwa kuwa ugali huongezwa. Soda ndizo zilizonunuliwa kwa idadi ya kadi, na zikaisha wakati waliokaa nyuma hawajapata hata moja.

Kijana wa mgahawa mmoja wa Mugumu alikuwa tayari kuleta kreti nyingine kwa gari. Beatrice akaja mpaka kwenye viti vya maharusi, akainama kama anayerekebisha shela.

"Laki nne, pamoja na gari. Kwenye kamati sina hata mia."

Watu walikuwa wameshaanza kugeuza shingo. Mwalimu, hajui afanye nini, alikuwa anawatambulisha ndugu kwa mara ya pili. Gidion akaingiza mkono kwenye koti, akatoa simu, akaanza kubonyeza namba zake za siri chini ya meza.

Winfrida akaweka mkono juu ya simu.

"Rudisha."

"Wini, laki nne tu. Watu wanatuangalia."

"Si tumewaita waje watuangalie?"

"Tutamwomba mzee wa mashine atupunguzie Jumatatu."

"Jumatatu atatupungia mkono, siyo kutupunguzia. Rudisha mfukoni, mume wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na huenda ndicho kilichomshinda nguvu. Simu ikarudi kwenye koti. Winfrida akamwita mke wa mjomba kwa kidole, akamnong'oneza. Yule mama akaangua kicheko, akafunga khanga kiunoni, akaondoka na wanawake wanne.

Walirudi na ndoo za obosara, ule uji mchachu wa ulezi na mtama ambao kila nyumba jirani huwa nao. Kibuyu cha kwanza akapewa Mwalimu Nikodemo mbele ya kipaza sauti. Alionja kwa adabu, akatulia, akainua tena mpaka kitako kikatazama juu. Aliposhusha, masharubu yake yalikuwa yamejaa uji.

"Kamati," alitangaza, "inawafahamisha kwamba soda ilikuwa ya kufungulia mdomo tu."

Waliokaa nyuma walipiga vigelegele. Waliokuwa na soda wakaanza kuziacha, wakinyoosha mikono kuomba kibuyu. Mokami, kwenye meza ile moja ya mbele, alishika chake kwa mikono yote miwili, akanywa akiwaangalia watu wote, na watu wote wakimwangalia.

Katikati ya shamrashamra zile mwanamke mmoja wa makamo kutoka Robanda, ndugu wa upande wa baba yake Gidion, alipenya mpaka mbele ya maharusi. Wakadhani amekuja kutoa zawadi. Akainama karibu na sikio la bibi harusi.

"Nasikia mnaleta mashine. Debe mtasaga shilingi ngapi?"

"Mama, leo ni harusi," alisema Gidion.

"Sikukuuliza wewe."

Winfrida akataja bei.

"Hee! Bibi harusi, hiyo kubwa. Punguza. Mimi ni mkweo."

"Wakwe ndio hao wote waliokaa pale, mama," Winfrida alimjibu kwa adabu, akinyoosha shela iliyokuwa inamwangukia usoni. "Nikiwapunguzia wote nitasaga kwa faida gani? Lakini ukija Jumamosi ya kwanza, debe la kwanza ni la bure."

Yule mama akafikiri, akageuza kichwa kama anayeangalia nyama buchani.

"Na pumba?"

"Pumba nabaki nazo."

"Huyu," mama akamwambia Gidion, akinyoosha kidole, "umeoa." Kisha akavuta kiti, akaketi palepale mbele yao, kwa kuwa suala la pumba alikuwa hajalimaliza.